Kuupima mfuko wa hisa: meneja anachaguaje kampuni, na faida anayoitangaza imetoka wapi

Mfuko wa hisa unaosimamiwa kwa kuchagua ni chungu kimoja cha fedha za watu wengi. Meneja hulipwa aamue hisa zipi ziingie, zipi zitoke, na kila moja ibebe fungu gani. Ahadi yake ni moja: uchaguzi wake utakupa zaidi ya ambacho ungepata kwa kulinunua soko zima jinsi lilivyo. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuikagua ahadi hiyo kwa hesabu za kawaida, tukitumia masoko ya Nairobi na Dar es Salaam. Mengi yaliyoandikwa kuhusu New York na London hayafai hapa kwetu bila kurekebishwa.

Kabla ya kuanza, kusanya haya: waraka wa toleo wa mfuko, taarifa za mwezi za miaka mitatu au zaidi, hesabu za mwaka zilizokaguliwa, na orodha ya thamani ya kipande kimoja cha mfuko (Kenya wengi husema uniti) kila mwisho wa mwezi. Tafuta pia fahirisi ya soko, yaani namba inayoonyesha jinsi bei za hisa za soko zinavyokwenda kwa jumla, kwa tarehe zilezile. Meneja akikupa kijitabu chenye picha za watu wanaotabasamu badala ya hizo nyaraka, mwombe tena kwa maandishi. Hesabu zilizokaguliwa si siri.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mfuko wa hisa kweli

Fungua ukurasa wa mgawanyo wa mali. Jina halitoshi. Kenya, sehemu kubwa ya fedha za mifuko ya pamoja iko kwenye mifuko ya soko la fedha, ambayo hukopesha serikali na benki kwa muda mfupi. Tanzania, mfuko wa Umoja wa UTT AMIS (kampuni ya kusimamia mifuko) ambao wengi huutaja wakizungumzia "hisa" ni mfuko mseto, una hisa pamoja na hatifungani (mikopo ya muda mrefu kwa serikali au kampuni) na amana za benki. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ila huwezi kuupima kwa kipimo cha hisa tupu.

Hata mfuko unaojiita wa hisa waweza kuwa na asilimia 30 kwenye amana na dhamana za serikali. Angalia kama kiwango hicho hukaa pale pale mwezi baada ya mwezi au hupanda na kushuka. Kikikaa pale pale, unalipa ada ya kuchagua hisa juu ya fedha ambazo ungeweza kuziweka benki mwenyewe. Kikibadilika sana, jua kwamba meneja anajaribu kukisia lini soko litaanguka, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, ngumu kuliko kuchagua kampuni.

Hatua ya 2: Pima uwanja kabla ya kumpima mchezaji

Soko la Nairobi lina zaidi ya kampuni 60 zilizoorodheshwa. Dar es Salaam hazifiki 30. Usidhani meneja ana uhuru wa kuchagua yoyote kati ya hizo. Kinachombana kwanza ni ukwasi: hisa ngapi zinabadilishana mikono kwa siku.

Fanya hesabu hii, ambayo mameneja wenyewe huifanya kabla ya kitu kingine. Tuseme mfuko una shilingi bilioni 2 na unataka kuweka asilimia 5 kwenye kampuni fulani ya viwanda. Hiyo ni milioni 100. Kampuni hiyo huuzwa na kununuliwa kwa wastani wa milioni 1.5 kwa siku. Meneja akichukua zaidi ya theluthi moja ya biashara ya siku, yeye mwenyewe ndiye atakayepandisha bei. Kwa hiyo ana nafasi ya laki 5 kwa siku. Gawanya: siku 200 za soko, yaani zaidi ya miezi tisa kuingia, na miezi mingine kama hiyo kutoka. Kutoka ni kugumu zaidi, kwa sababu siku anayotaka kuuza huwa ndiyo siku ambayo kila mtu anataka kuuza.

Ndiyo maana mifuko ya hisa ya Nairobi hufanana kama pacha: Safaricom, benki za Equity, KCB na Co-operative, EABL ya bia, na nyingine chache. Ya Dar es Salaam huzunguka benki za NMB na CRDB, TBL ya bia, sigara, saruji na Vodacom. Wengi hulalamika kwamba mameneja ni wavivu. Wako wavivu, lakini mara nyingi tatizo ni mlango mwembamba.

Irudie hesabu hiyo kwa hisa kumi kubwa za mfuko wako. Ukikuta zaidi ya robo ya mfuko ipo kwenye hisa ambazo zingehitaji miezi sita kuuzwa, huku mfuko ukiahidi kukulipa ndani ya siku chache, kuna ahadi mbili zisizokaa chumba kimoja. Uingereza walijifunza hilo tarehe 3 Juni 2019, mfuko wa Woodford Equity Income uliposimamisha malipo ya wanaojitoa. Ulikuwa umejaa kampuni ndogo na nyingine ambazo hazikuwa sokoni kabisa. Wanaotoka wakawa wengi kuliko hisa zilizoweza kuuzwa kwa haraka. Mwekezaji mmoja mkubwa, serikali ya mitaa ya Kent, alipotaka kutoa zaidi ya pauni milioni 250, mlango ukafungwa.

Hatua ya 3: Fuata njia ambayo hisa hupita hadi kuingia mfukoni

Huku ndiko kwenye kazi halisi ya meneja. Mfuko mzuri hukueleza njia hii katika waraka wake kwa maneno yanayoeleweka. Kwa kawaida inakwenda hivi.

Kwanza ni chujio la kimitambo: kampuni isiyo na ukwasi wa kutosha, isiyo na hesabu za miaka mitano, au iliyopata hasara miaka miwili mfululizo, inaachwa. Katika soko la kampuni 60, hubaki kati ya 15 na 25.

Kisha wachambuzi husoma hesabu, na kila sekta ina mahali pake pa kugusa. Kampuni ya saruji hupimwa kwa uwezo wa kiwanda unaotumika, gharama ya nishati na ya klinka (malighafi ya saruji), na deni. Bia na sigara hutazamwa kwa ushuru wa bidhaa, maana bajeti moja ya Juni inaweza kula faida ya mwaka. Kampuni ya simu: wateja wa fedha za mkononi, na kiasi kinachotumika kujenga minara.

Benki zinastahili muda zaidi, kwa sababu ndizo zinazojaza mifuko yetu na ndizo rahisi kusomwa vibaya. Chukua benki ya mfano. Mtaji wa wanahisa ni bilioni 20, faida ya mwaka bilioni 4, na soko linaithamini kwa bilioni 12. Juu juu ni bei chee: unanunua shilingi ya mtaji kwa senti 60, na faida ni theluthi ya bei unayolipa. Sasa geuza ukurasa wa mikopo. Imekopesha bilioni 100, ambapo mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ni bilioni 15, na imetenga akiba ya bilioni 7 tu kwa ajili ya hizo. Bilioni 8 ziko uchi. Nusu yake ikipotea, bilioni 4 zinakatwa kwenye mtaji: faida ya mwaka mzima imekwenda, na mtaji umebaki bilioni 16. Bei yako ya senti 60 imekuwa senti 75. Bado yaweza kuwa nafuu, lakini si ile uliyoiona mwanzo. Meneja anayekueleza "benki hii inauzwa chini ya thamani ya vitabuni" bila kutaja mikopo chechefu hajafika ukurasa wa pili.

Baada ya hapo huja thamani. Hapa kila kitu hushindana na serikali. Februari 2024 Kenya ilitoa hatifungani ya miundombinu yenye riba ya takribani asilimia 18.5, isiyotozwa kodi. Kwa nini mtu anunue hisa? Lazima hisa imlipe zaidi, kwa sababu haina uhakika. Hesabu rahisi: kampuni inapata shilingi 5 kwa kila hisa, inatoa gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa) la 3, na faida yake hukua kwa asilimia 8 kwa mwaka. Gawio la mwaka kesho litakuwa 3.24. Ikiwa dhamana za serikali zinalipa asilimia 16 na unataka nyongeza ya 5 kwa hatari, unadai 21. Toa ukuaji wa 8, inabaki 13. Gawanya 3.24 kwa 0.13, unapata karibu shilingi 25. Riba ya serikali ikishuka hadi 12, unadai 17, baada ya kutoa ukuaji inabaki 9, na hisa ileile inafaa kuuzwa kwa shilingi 36. Imepanda kwa zaidi ya asilimia 40, na ndani ya kampuni hakuna hata kiti kilichosogezwa.

Kumbuka mfano huo utakapofika kwenye hatua ya kupima faida. Benki Kuu ya Kenya ilianza kushusha riba yake Agosti 2024. Meneja ambaye mfuko wake umestawi tangu hapo anaweza kuwa hodari, au alikuwa amekaa tu penye mteremko.

Kisha kuna mambo yasiyo ya namba: nani anamiliki hisa nyingi, kampuni inafanya biashara gani na wenye nayo, mkaguzi amebadilishwa mara ngapi, na hesabu hutoka kwa wakati au huchelewa. Kampuni inayochelewesha hesabu bila sababu iliyonyooka iondoke kwenye orodha. ARM Cement ya Kenya ilijitanua hadi Tanga kwa mikopo mizito. Ilionekana nafuu kila mwaka iliposhuka, hadi Agosti 2018 ikawekwa chini ya wasimamizi na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Waliokuwa wanahesabu bei tu bila deni walibaki nazo mikononi.

Mwisho, mchambuzi hupeleka hoja kwa kamati ya uwekezaji, kamati hupanga fungu, na manunuzi hufanywa kidogo kidogo kupitia madalali wawili au watatu. Uliza kama kuna sheria ya kuuza iliyoandikwa. Mameneja wengi wana kurasa kumi za jinsi ya kununua na mstari mmoja wa jinsi ya kuuza. Sheria inayoeleweka inasema, kwa mfano: tutauza bei ikipita makadirio yetu kwa asilimia 20, au sababu tuliyonunulia ikifa, au fungu likivuka kikomo. "Tutauza hali ikibadilika" si sheria.

Hatua ya 4: Linganisha mafungu ya mfuko na ya soko

Mfuko unaweza kutofautiana na soko kwa njia moja tu: kubeba kitu kwa uzito tofauti na soko linavyokibeba. Kwa hiyo andika safu mbili, fungu la kila hisa katika mfuko na fungu lake katika fahirisi, kisha toa.

Nairobi kuna jambo ambalo lisipoeleweka hesabu zote zinapotoka. Fahirisi ya NASI hupima kampuni kwa ukubwa wa thamani yake sokoni, na kwa miaka mingi Safaricom peke yake ilibeba karibu nusu ya soko, wakati mwingine zaidi. Mfuko wa pamoja hauwezi kubeba fungu kama hilo kwa kampuni moja, kwa sababu kanuni na waraka wake huweka kikomo. Tuseme kikomo ni asilimia 25.

Mwaka mbaya: hisa kubwa inashuka asilimia 40, nyingine zote kwa pamoja zinapanda 5. Fahirisi yenye nusu kwa nusu inapoteza 17.5. Mfuko wenye robo na robo tatu unapoteza 6.25. Meneja anatangaza kwamba amelishinda soko kwa zaidi ya pointi 11. Mwaka mwema: hisa kubwa inapanda 60, nyingine 10. Fahirisi inapata 35, mfuko 22.5. Meneja yuleyule sasa anaonekana hajui kazi. Katika miaka yote miwili hakuamua chochote. Kanuni ndiyo iliyoamua.

Hili si la kinadharia. Hisa ya Safaricom, iliyoingia sokoni 2008 kwa shilingi 5, ilipita shilingi 40 Agosti 2021 na kumaliza 2023 ikiwa chini ya 15. Wawekezaji wa kigeni walikuwa wanauza hisa kwa sababu riba za Marekani zilikuwa zimepanda, na gharama za kuanzisha mtandao Ethiopia zilikuwa zinaonekana vitabuni. NASI ilishuka kwa zaidi ya asilimia 20 mwaka 2022, na tena mwaka 2023. Karibu kila mfuko wenye kikomo ulikuwa na nafasi ya kujisifu katika kipindi hicho.

Ili kuona ustadi wenyewe, itenge ile hisa kubwa na upime kilichobaki. Kama robo tatu ya mfuko iliyo nje ya hisa hiyo ilipata asilimia 9 na kampuni zilezile nyingine za soko zilipata 5, basi uchaguzi wa meneja umechangia 0.75 mara 4, yaani pointi 3. Hiyo ndiyo namba ya kumlipia ada.

Dar es Salaam mtego uko kwenye kipimo chenyewe. Fahirisi kuu ya DSEI hujumuisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huko, kama KCB na EABL, hivyo hutikiswa na bei za Nairobi. Fahirisi ya TSI ni ya kampuni za ndani tu. Mfuko unaonunua NMB, CRDB na saruji upimwe kwa TSI. Ukiona taarifa ya mfuko imehama kutoka kipimo kimoja hadi kingine bila maelezo, chora grafu ya vyote viwili na utajua kwa nini.

Hatua ya 5: Hesabu faida upya, mwenyewe

Mbivu na mbichi hujulikana hapa. Kosa ninaloliona zaidi katika taarifa za mifuko yetu ni kulinganisha vitu viwili visivyo sawa: faida ya mfuko pamoja na gawio, dhidi ya fahirisi isiyo na gawio. NASI, NSE 20 (fahirisi ya kampuni 20 za Nairobi) na DSEI hupima bei tu. Gawio likilipwa, bei ya hisa hushuka kwa kiasi hicho na fahirisi hushuka nayo, ilhali mfuko unaiingiza fedha hiyo kwenye thamani ya kipande.

Mfano: fahirisi imepanda asilimia 9. Kampuni zake zimelipa gawio la asilimia 6 ya bei. Ukikata kodi ya zuio ya asilimia 5 ya gawio, ambayo ndiyo hutozwa kwa mkazi kwenye kampuni zilizoorodheshwa Kenya na Tanzania, hubaki 5.7. Soko halisi limepata karibu 14.7. Mfuko uliopata 12 utajisifu kwamba umelishinda soko kwa pointi 3, kumbe umeachwa kwa karibu 3. Katika masoko yanayolipa gawio nono kama yetu, kosa hili likirudiwa miaka kumi hugeuza mfuko dhaifu kuwa bingwa kwenye karatasi.

Kwa upande wa mfuko, kama unagawa faida, jumlisha kwa njia sahihi. Kipande kilianza na 100, kikagawa 4 kikiwa na thamani ya 102, kikamaliza mwaka na 108. Ile 4 ingekununulia vipande 0.0392 zaidi. Zidisha 1.0392 kwa 108, unapata 112.2. Faida ni asilimia 12.2.

Usikubali "wastani wa faida kwa mwaka" uliopatikana kwa kujumlisha na kugawanya. Mfuko uliopanda asilimia 50 na kushuka 40 una wastani wa 5 kwa hesabu hiyo, lakini mia yako imekuwa 150 kisha 90. Zidisha miaka, usiijumlishe. Mfuko maarufu wa Marekani wa ARK Innovation ulipanda karibu asilimia 150 mwaka 2020, ukashuka karibu 23 mwaka 2021 na karibu 67 mwaka 2022. Aliyeingia mwanzoni mwa 2020 na kukaa hadi mwisho wa 2022 alibaki na chini ya 65 kwa kila 100. Na huyo ndiye mwenye bahati, kwa sababu wengi waliingia mwanzoni mwa 2021 baada ya kusoma habari za ile 150.

Tumia vipindi vya miaka mitatu mitatu vinavyosogea: Januari 2019 hadi Desemba 2021, kisha Februari 2019 hadi Januari 2022, na kuendelea. Hesabu ni vingapi mfuko umelishinda soko lenye gawio. Ukikuta 8 kati ya 10, kuna jambo la kuchunguza. Ukikuta 5, ni sarafu inayorushwa.

Ada sasa. Ada ya usimamizi hukatwa kwenye thamani yote ya mfuko, si kwenye faida. Milioni 1 inayokua asilimia 15 kwa miaka 10 hufika milioni 4.05. Kata asilimia 3 ya thamani kila mwaka, unabaki na ukuaji wa 11.55, na baada ya miaka 10 una milioni 2.98. Zaidi ya mtaji wako wa mwanzo umeliwa na kitu kilichoandikwa "3%". Halafu jumlisha gharama zisizoitwa ada: mdhamini (anayelinda maslahi ya wawekezaji), mtunza mali, mkaguzi, na kamisheni za madalali. Hizi za mwisho huwa hazionekani kabisa kwa sababu zimo ndani ya bei za kununulia na kuuzia hisa. Zikadirie hivi: chukua kiasi kidogo kati ya jumla ya manunuzi na jumla ya mauzo ya mwaka, gawanya kwa ukubwa wa wastani wa mfuko. Ukipata 0.6, mfuko umegeuza asilimia 60 ya hisa zake. Kama kununua na kuuza kila upande hugharimu asilimia 1.5, yaani 3 kwa pande zote mbili, basi 0.6 mara 3 ni asilimia 1.8 ya mfuko kwa mwaka. Meneja anayeuza na kununua kila kukicha lazima awe mzuri sana kulipia harakati zake.

Mchumi wa Marekani William Sharpe alionyesha mwaka 1991 kwa hesabu za kujumlisha na kutoa kwamba mameneja wote wanaochagua, wakiunganishwa, ndio soko lenyewe, hivyo kwa jumla lazima wapungukiwe kwa kiasi cha gharama zao. Anayeshinda anashinda kwa kumnyang'anya mwingine. Katika soko letu "mwingine" huyo mara nyingi ni mfuko wa kigeni unaouza kwa haraka ili urudishe dola kwao, au mnunuzi mdogo aliyesikia habari kwa jirani. Ndiyo maana nafasi ya meneja mzuri hapa ni kubwa kuliko Marekani, ila gharama nazo ni kubwa.

Mwekezaji aliye ughaibuni, iwe Muscat, London au Minneapolis, afanye hesabu ya ziada. Dola moja ilikuwa takribani shilingi 123 za Kenya mwisho wa 2022 na 157 mwisho wa 2023. Mfuko ambao haukupata wala kupoteza kitu kwa shilingi ulipoteza karibu asilimia 22 kwa dola. Mwaka 2024 shilingi ikarudi kwenye 129 hivi, na hesabu ikageuka.

Hatua ya 6: Chunguza bei zilizolala

Thamani ya kipande hutegemea bei ya mwisho ya kila hisa. Hisa ambayo haijauzwa kwa wiki tatu inahesabiwa kwa bei ya wiki tatu zilizopita. Mfuko wenye hisa nyingi za aina hiyo huonekana mtulivu kwenye grafu, na meneja huusifu utulivu huo, kumbe ni usingizi tu. Madhara yake ni ya kweli: anayetoka leo kwa bei ya zamani analipwa na wanaobaki.

Hisa zilizosimamishwa ni mbaya zaidi. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 na haikurudi sokoni hadi Januari 2025. Fungua maelezo ya hesabu zilizokaguliwa na utafute mfuko ulizithaminije hisa za namna hiyo: kwa bei ya mwisho, kwa punguzo, au kwa sifuri. Meneja mwangalifu huzishusha mapema.

Hatua ya 7: Muulize meneja

Maswali manne yatakupa zaidi ya mkutano mzima. Hisa gani imewapotezea zaidi miaka mitatu iliyopita, na mlikosea wapi? Ni nani hasa anayeamua, na ana muda gani kazini hapo? Mfuko ukiongezeka mara tatu mtanunua nini ambacho hamnunui sasa? Wewe mwenyewe una vipande? Jibu la swali la kwanza likiwa ni "soko lilikuwa gumu", rudia swali. Kuhusu la pili, rekodi ya miaka kumi iliyotengenezwa na mtu aliyeondoka mwaka jana si rekodi ya mfuko ulio mbele yako.

Hatua ya 8: Jaribu mlango wa kutokea

Weka kiasi kidogo, subiri miezi miwili, kisha toa nusu. Andika tarehe uliyowasilisha fomu, tarehe ya bei uliyopewa, ada ya kutoka kama ipo, na siku fedha zilipoingia. Hisa zenyewe hulipwa siku tatu za kazi baada ya kuuzwa, Nairobi na Dar es Salaam vilevile, kwa hiyo kuchelewa kidogo ni kwa kawaida. Malipo yakizidi muda ulioandikwa kwenye waraka wa toleo, au bei uliyopewa ikiwa ya siku isiyoeleweka, peleka malalamiko kwa mdhamini wa mfuko kwa barua, nakala kwa mamlaka ya masoko ya mitaji, na usiongeze fedha hadi ujibiwe.